Shairi Ndilo Matanga Yake

Leo nataka tuzungumzie msiba usiotangazwa redioni, usiopigiwa simu kwa ndugu wa mbali, wala usiokodiwa turubai. Ni msiba wa mbwa. Mbwa amelinda nyumba tangu mtoto wa kwanza hajaanza shule. Amefuata watu shambani, amesindikiza wanafunzi hadi barabarani, amelala nje mvua na jua. Siku moja anakufa. Asubuhi anatafutwa kijana, anapewa jembe na ujira kidogo, shimo linachimbwa nyuma ya migomba, na kabla ya saa nne kila mtu yuko kazini kwake. Hapana rambirambi, hapana anayeketi mkekani. Aliyempenda, awe mtoto wa darasa la tatu au mzee anayeishi peke yake, anabaki na kilio asichojua pa kukipeleka.

Mimi nasema pa kukipeleka papo. Akipeleke kwenye shairi.

Tufikirie kidogo matanga yetu yanafanya kazi gani. Chakula kinapikwa, ni kweli, na dua zinasomwa au nyimbo zinaimbwa. Lakini kazi kubwa hufanyika kati ya sala moja na nyingine, watu wakiwa wamekaa wanasimulia. Huyu anasema marehemu alikuwa hali wali bila ndimu. Yule anasema alikuwa akikohoa kabla ya kupiga hodi, mkajua ni yeye. Mwingine anakumbusha deni alilomsamehe. Katika masimulizi hayo marehemu anakamilika, kila mmoja akileta kipande chake, na siku ya kuondoa matanga watu wanaondoka wakiwa na mtu mzima kichwani badala ya maiti. Mbwa hapati hayo. Hakuna mkusanyiko wa kumkamilisha. Kwa hiyo anayemlilia inabidi afanye peke yake kazi ya mkeka mzima, na chombo kinachoweza kuibeba kazi hiyo ni shairi.

Najua wapo watakaocheka. Watasema watu wanakufa, wewe unamtungia mbwa? Lugha yenyewe inawaunga mkono. Methali zetu hazimpendelei mbwa: tunaonya kwamba ukicheza naye utaingia naye msikitini, na mtu akitaka kumdhalilisha mwenzake, jina la mbwa ndilo la kwanza kumjia mdomoni. Basi anayetaka kumsifu mbwa kwa Kiswahili anapanda mlima. Lakini hadithi zetu zina njia nyingine, na ni vizuri tuikumbuke.

Wengi wenu mnakijua kisa cha Sultani Darai. Askofu Edward Steere alikisikia Unguja na akakichapisha mwaka 1870 pamoja na hadithi nyingine za Waswahili. Maskini mmoja, anayeparuza jalalani atafute punje za mtama, anaokota thumni na kumnunua paa. Watu wanamcheka: hana chakula chake mwenyewe, atamlisha nini mnyama? Paa yule anaokota almasi, anampelekea sultani wa mji wa mbali, anamwita bwana wake Sultani Darai, anamposea binti wa sultani, anamuua nyoka wa vichwa saba na kumrithisha bwana wake nyumba ya utajiri. Halafu paa anaugua. Na yule bwana, aliyepewa kila kitu, anaamuru mgonjwa apikiwe uji wa mtama mbaya, na wala haendi kumtazama. Paa anakufa kwa uchungu wa moyo, anatupwa kisimani. Ni mke anayemwandikia baba yake habari hiyo, na sultani yule mkuu anakuja na watu wake, anaingia kisimani, anamtoa paa, anamlilia na kumzika kwa heshima. Bwana asiyelia anaamka asubuhi akiwa jalalani, akiparuza kama zamani.

Kisa hicho hakikutungwa na watu wasiojua thamani ya machozi. Wazee waliokisimulia Unguja walikuwa wanawafundisha watoto kwamba mnyama aliyekutumikia ana haki ya kuliliwa, na kwamba asiyemlilia amepoteza zaidi ya mnyama. Kwa hiyo anayekaa leo na kalamu kumwandikia mbwa wake yumo katika mila iliyokuwepo kabla yake.

Nigusie pia jambo la dini, kwa sababu wasikilizaji wetu wengi wa pwani ni Waislamu na swali hili halikwepeki. Hukumu ya mate ya mbwa inajulikana: katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya pwani yetu, chombo alichoramba kinaoshwa mara saba, moja yao kwa udongo. Hiyo ni hukumu ya tohara na inabaki mahali pake. Huruma ina mlango wake. Katika Sura ya Pango, vijana waliokimbia na imani yao wamelala na mbwa wao amenyoosha miguu yake ya mbele kizingitini, na Kitabu kinamhesabu pamoja nao kila kinapotaja idadi yao. Katika hadithi sahihi za Mtume kuna mtu aliyemkuta mbwa akilamba udongo kwa kiu, akashuka kisimani, akajaza maji kiatu chake, akakibeba kwa meno akipanda, akamnywesha. Mungu akamsamehe dhambi zake. Na Baghdad, katika karne ya kumi, mwanachuoni Ibn al-Marzuban alikusanya kitabu kizima cha visa na mashairi, akakipa jina linalosema kwamba mbwa wamewashinda wengi kati ya wavaao nguo. Kutawadha tutatawadha. Kumshukuru kiumbe aliyetutendea wema hakujawahi kuwa haramu.

Baada ya hayo, tuingie kwenye shairi lenyewe. Nitawachukua mbali kidogo, kwa sababu wako washairi wakubwa waliofiwa na mbwa na wakaandika, na tukiwaweka sawia tutaona lipi linafanya shairi la namna hii lisimame na lipi linaliangusha.

Wa kwanza ni Lord Byron wa Uingereza. Alikuwa na mbwa wa aina ya Newfoundland, mkubwa, hodari wa kuogelea, jina lake Boatswain. Novemba 1808, katika jumba la Newstead Abbey, Boatswain alishikwa na kichaa cha mbwa. Byron, kijana wa miaka 20, alimuuguza mwenyewe na inasimuliwa kwamba alimfuta povu la mdomo kwa mkono mtupu, asijue ugonjwa ule ni nini. Hapa nisimame kidogo, maana redio inasikika hata kusikokuwa na zahanati: msifanye hivyo kamwe. Mtu akiumwa na mbwa, au mate yakimgusa penye kidonda, aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo apewe chanjo. Dalili zikishaanza, ugonjwa huo karibu kila mara unaua. Byron alibahatika tu.

Boatswain alipokufa, Byron alimjengea kaburi la fahari bustanini, ingawa yeye mwenyewe alikuwa amezama katika madeni, na juu yake likachongwa shairi. Mwaka 1811 aliandika katika wosia kwamba naye azikwe humo humo pamoja na mbwa wake. Haikuwa hivyo: jumba liliuzwa mwaka 1817, na yeye akafia Ugiriki mwaka 1824, akazikwa katika kanisa la Hucknall, si mbali na hapo. Hakuna anayeweza kutilia shaka upendo wa mtu huyo.

Lakini litazameni shairi. Sehemu kubwa ya beti zake inawatukana wanadamu: wanafiki, wadanganyifu, urafiki wao uongo, tabasamu lao mtego. Na mwisho anasema hakuwa na rafiki ila mmoja, naye amelala hapo. Ni shairi la hasira, lenye nguvu, na limedumu zaidi ya miaka mia mbili. Hata hivyo ukimaliza kulisoma, Boatswain humjui. Hujui alikuwa akifanya nini Byron akiingia mlangoni, hujui alipenda kulala wapi. Utukufu wa mbwa umegeuka fimbo ya kuwachapia watu. Na wangapi miongoni mwetu, mbwa wao akifa, huanza shairi kwa kusema heri mbwa kuliko binadamu? Maumivu yanatusukuma huko. Lakini ubeti uliotumika kuwagombeza majirani ni ubeti alionyang'anywa marehemu.

Mshairi wa pili ni Thomas Hardy, naye Mwingereza, wa mji wa Dorchester. Mbwa wake aliitwa Wessex, mdogo, wa manyoya magumu, aliyezaliwa mwaka 1913. Wageni wengi hawakumpenda. Aliwauma watu, tarishi akiwa mmojawapo, alipanda mezani wakati wa chakula, na alipenda kusikiliza redio, jambo linalonifanya nimpende zaidi. Alikufa tarehe 27 Desemba 1926 na kuzikwa bustanini nyumbani kwao, Max Gate. Hardy alikuwa na umri wa miaka 86. Alimtungia shairi lililotoka katika kitabu cha mwaka 1928, mwandishi mwenyewe akiwa amekwisha kufariki Januari ya mwaka huo.

Katika shairi hilo anayezungumza ni Wessex. Anawauliza wenye nyumba: mnanikumbuka? Mnanitazamia saa ya matembezi ikifika? Mnasikia kama nyayo zangu ngazini, au njiani, au kwenye kitalu? Kisha anawaambia kwamba watakapomwita hatasikia, na wakimtafuta hawatamwona. Hakuna tusi kwa yeyote. Hakuna hata sifa. Kuna ngazi, njia, kitalu na saa ya matembezi. Msomaji ambaye hakuwahi kumwona mbwa yule anamwona sasa, kwa sababu anaona mahali alipokosekana. Mzee wa miaka 86 mwenye sifa ya dunia nzima alielewa kwamba anayemlilia mbwa analilia sehemu za nyumba.

Na ujanja huo wa kumpa marehemu sauti ni wa kale. Katika makumbusho ya British Museum, London, kuna kibao cha marumaru kilichotoka Rumi ya karne ya pili. Anayesema juu yake ni mbwa jike, jina lake Margarita, yaani Lulu. Anasimulia kwamba alizaliwa Gaul, nchi tunayoiita leo Ufaransa, kwamba aliwinda katika misitu bila kuogopa, hakufungwa minyororo wala kupigwa, alilala mapajani pa bwana na bibi yake, na kwamba alikufa akizaa. Mistari michache tu, na maisha yote yamo: kazi yake, raha yake, kifo chake. Aliyekiagiza kibao hicho hatumjui. Lulu tunamjua.

Wa zamani kuliko wote ni Argos, mbwa wa Odysseus katika utenzi wa Homer. Bwana wake ameondoka miaka ishirini. Anarudi amejigeuza ombaomba ili maadui waliomo nyumbani wasimtambue. Argos yuko juu ya lundo la samadi mbele ya lango, mzee, amejaa kupe, hana anayemjali. Anaisikia sauti. Anatikisa mkia, anaangusha masikio. Hana nguvu ya kumkaribia. Odysseus anafuta chozi kwa siri, kwa kuwa akilia waziwazi atajulikana. Argos anakufa palepale. Shujaa aliyepigana vita vya Troy analazimika kumlilia mbwa wake kwa kujificha, na Homer, ambaye wakati wa vita hana haraka, hapa anatumia mistari michache mno: mkia, masikio, kupe, chozi. Hakutaka kingine.

Wapo watakaosema: hao ni Wazungu, na mila yao na mbwa si yetu. Sawa. Turudi kwetu basi, tuone kama wakuu wetu walifundisha vingine. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alipoililia Pate katika Al-Inkishafi, hakutosheka kusema dunia inapita. Alituingiza ndani ya majumba yaliyohamwa, akatusikilizisha mende na nyenje wanaolia kumbini, akatuonyesha makinda ya popo mahali palipokuwa na taa na mazulia. Ukiwa wa Pate tunaujua kwa popo wale. Na Shaaban Robert alipomlilia mkewe katika shairi lake la Amina, alimwita kwa jina na kusema naye kama mtu aliyeko mbele yake. Hayo mawili, kitu kinachoonekana na jina linaloitwa, ndiyo nguzo za maombolezo ya Kiswahili. Yanamtosha mtu, yanamtosha mji, na yanamtosha mbwa.

Sasa nizungumze na yule ambaye amefiwa wiki hii na angependa kuandika. Usianze na vina. Chukua karatasi, andika orodha ya mambo ambayo mbwa huyo tu ndiye aliyeyafanya. Usiandike alikuwa mwaminifu. Mbwa wote ni waaminifu na neno hilo halitamtofautisha wako na wa mtaa wa pili. Andika kwamba alikuwa akilalia kiatu kimoja cha kushoto. Andika kwamba ukoko wa ugali aliubeba kwenda kuulia chini ya mwembe, hata siku ya mvua. Andika namna alivyobweka kwa mwizi na namna alivyobweka kwa mgeni, kwa kuwa wewe uliweza kuzipambanua. Andika na kasoro zake: kuku aliowafukuza, ndoo alizopindua. Aliyependwa bila kasoro hakupendwa, alisifiwa tu.

Orodha ikishajaa, chagua bahari. Ukiwa na habari nyingi za kusimulia, tangu siku alipoletwa ndani ya boksi mpaka siku ya mwisho, tumia utenzi, wenye mizani nane kila mshororo na kina cha bahari kinachoziunganisha beti zote. Utenzi unakwenda kwa miguu yake, unavumilia masimulizi. Ukiwa na huzuni zaidi kuliko hadithi, chagua tarbia, mishororo minne yenye mizani kumi na sita, halafu tafuta kibwagizo kitakachorudi kila ubeti. Kibwagizo kinafaa sana maombolezo, kwa sababu ndivyo huzuni ilivyo: unazunguka nyumba nzima na unarudi palepale. Na ukiona vina vinakulazimisha kusema uongo, tumia shairi huru, na ukweli ubaki.

Nyumbani kwetu, nilipokuwa mtoto, tulikuwa na mbwa aliyeitwa Tomi, wa rangi ya mchanga, sikio moja limesimama na jingine limelala. Miaka mingi baadaye nilimtungia beti. Nitawasomea mbili, msikie ninachokisema.

Ulilala mlangoni, hata mvua ikishuka,
Baisikeli njiani, wewe kwanza kuinuka,
Mkia u mchangani, vumbi jembamba laruka,
Tomi, lango liko wazi, nani atakayebweka?

Mawingu yakinguruma, uvunguni hadi kucha,
Kandambili zake mama, hata moja hukuacha,
Tukifoka, wainama, kisha macho wayaficha,
Tomi, lango liko wazi, nani atakayebweka?

Baisikeli ni ya baba yangu. Tomi aliisikia ingali mbali, nasi tulijua baba anakuja kwa kumtazama Tomi. Hilo ndilo nililotaka lisipotee. Ubeti wa pili niliuweka kwa makusudi, kwa sababu mlinzi wa nyumba aliyeogopa radi na kutafuna kandambili ni Tomi na hawezi kuwa mbwa mwingine. Mama yangu, ambaye hakuwahi kukiri kwamba alimpenda mbwa yule, aliposomewa ubeti huo aliuliza kama unaweza kurudiwa.

Kuna jambo jingine ambalo mashairi mengi ya mbwa hulikwepa, nalo ni kifo chenyewe. Mbwa wengine wamegongwa na gari. Wengine wamekula sumu iliyotegewa panya. Na wako watu ambao, mbwa wao wakiwa wazee na wagonjwa bila tumaini, wamemwita daktari wa mifugo amchome mnyama sindano ya mwisho ili asiteseke, na wanabaki wakijiuliza kama walikuwa na haki ya kuamua. Shairi lina nafasi kwa swali hilo. Lisiletewe jibu kwa nguvu. Mkono uliokuwa juu ya kichwa cha mbwa dakika ile, uandike ulivyokuwa: unyevu wa pua, uzito wa kichwa, sauti ya daktari akifunga mkoba. Anayesoma naye atakuwa amewahi kuushika uamuzi kama huo, na atajua hayuko peke yake.

Kisha kuna mbingu. Wengi hupenda kumalizia kwamba mbwa yuko peponi anacheza. Anayeamini hivyo aseme, ila aseme kwa kipimo cha imani yake. Mshairi Pablo Neruda wa Chile aliandika kuhusu mbwa wake aliyemzika bustanini, katika shairi lililochapishwa mwaka 1974, baada ya Neruda mwenyewe kufariki. Anasema waziwazi kwamba haamini mbingu ya wanadamu, lakini ile ambayo yeye hataingia, mbwa wake yumo anamngojea akipunga mkia. Anasema pia kwamba mbwa yule hakuwa mtumwa wake. Alimpenda kwa adabu, kwa umbali wake, bila kujipendekeza. Ukweli wa namna hiyo unagusa kuliko malaika wenye mabawa. Usimfanye mbwa wako malaika. Alikuwa mbwa, na hilo lilikuwa kubwa la kutosha kukutia huzuni hii.

Na wazazi, nina ombi kwenu. Mtoto akifiwa na mbwa, mara nyingi huo ndio msiba wake wa kwanza. Tunamwambia nyamaza, tutakununulia mwingine. Kwa neno hilo tumemfundisha kwamba anayekufa anabadilishwa, na siku babu yake atakapofariki hatakuwa na pa kuanzia. Mpeni daftari. Mwambieni aandike mambo matano ambayo Popi au Simba alikuwa akiyafanya, kisha ayasome jioni mbele ya wote, na mtu mzima mmoja aongeze la sita. Hapo mtakuwa mmeketi mkekani. Mtoto atajifunza kwamba kumbukumbu ni kazi, kwamba ina utaratibu, na kwamba watu wa nyumbani kwake wanaifanya pamoja.

Kwa walimu wa ushairi nasema hivi pia. Wanafunzi wetu wanatungishwa mashairi ya umoja, ya amani, ya elimu ni ufunguo, na wanajaza vina bila kumwona mtu yeyote ndani yake. Mpeni mwanafunzi somo la mnyama aliyemfahamu akafa. Siku hiyo atagundua kwa nini mizani ipo: inamzuia kusema yote, inamlazimisha achague. Akichagua sikio lililolala akaacha neno mwaminifu, amekwisha kuwa mtunzi, na ataweza baadaye kuandika juu ya umoja na amani kwa maneno yenye watu ndani yake.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji uliyefiwa, usione haya. Andika. Mwite kwa jina lake, lile ulilokuwa ukimwita jioni ukimpelekea chakula. Sema alichokifanya yeye na mwingine hakukifanya. Kisha usilifungie daftarini. Lisome kwa sauti kwa wale waliomjua, hata wawe wawili, hata awe ni jirani aliyekuwa akilalamika kelele zake. Utashangaa kusikia na yeye ana la kusimulia. Watakaporudisha kila mmoja alichokikumbuka, mbwa wako atakuwa amepata matanga yake, na wewe utaweza kuyaondoa.